Simu za Linux zimefikia wapi? Tuongee modemu, kamera na *150*00#

#1 Mwana_Kerneli (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila baada ya muda mtu huja hapa akauliza: kuna simu isiyo ya Google wala ya Apple ambayo naweza kuishi nayo? Apige, apokee, atume hela, apige picha ya kitambulisho aitume ofisini, basi. Hujibiwa kwa mkato, ama "nunua PinePhone" ama "hakuna kitu hapo, usipoteze hela". Majibu yote mawili hayamsaidii. Yapo mengi ya kutia moyo na yapo ya kuudhi, na kila kilichokwama kina sababu inayoelezeka. Mnivumilie, uzi ni mrefu.

Tuwekane sawa kwanza. Android ina kerneli (kiini cha mfumo) ya Linux, sibishani na hilo. Ila kilicho juu ya kerneli hiyo kimebuniwa na kinasimamiwa na Google: maktaba za kwao, mfumo wa kuchora skrini wa kwao, na huduma za Play ambazo si huria hata kidogo. Tangu Machi 2025 hata kazi ya kuiendeleza Android huria inafanyika ndani kwa ndani, sisi tunaona chanzo toleo likishatoka. Simu ya Linux ninayoisema hapa ni ile inayobeba mfumo uleule wa kompyuta ya mezani: Debian, Alpine au Ubuntu, yenye Wayland (mfumo wa kuchora skrini), yenye terminali, unaandika amri ya apt au apk (si faili la APK la Android) na kifurushi kinashuka. Programu uliyoiandika kwa ajili ya laptopu inafunguka kwenye skrini ya inchi sita.

Wazo hili si la jana. Openmoko walitoa Neo 1973 mwaka 2007. Mwaka 2009 Nokia wakatoa N900, yenye kibodi ya kuteleza na mfumo wa Maemo uliotokana na Debian, na mpaka leo kuna watu hawataki kuiachia. Februari 2011 Nokia wakaingia mkataba na Microsoft wa kutumia Windows Phone, hivyo N9 ilipotoka mwaka huohuo ilizaliwa yatima. Waliotoka Nokia wakaanzisha Jolla na mfumo wa Sailfish. Canonical, wenye Ubuntu, nao wakajaribu: mwaka 2013 waliomba umma dola milioni 32 za kutengeneza Ubuntu Edge, zikaahidiwa zaidi ya milioni 12, mpango ukafa. Simu za BQ zenye Ubuntu zikatoka 2015, na Aprili 2017 mwanzilishi wao, Mark Shuttleworth, akatangaza kwamba Canonical wanaachana na simu.

Mwaka huo wa 2017 ndio naomba muukumbuke. Kampuni kubwa ilitoka, na ndani ya miezi michache wenye kazi yao wakaingia. Jamii ya UBports walichukua Ubuntu Touch, yaani Ubuntu ya simu, na hawajaiachia hadi leo. postmarketOS ikazaliwa, juu ya Alpine, kwa lengo la kuifanya simu idumu miaka kumi badala ya miwili mitatu. Purism wakaanza kuchangisha kwa ajili ya Librem 5. Karibu kila kitu tunachotumia leo kina mzizi kwenye mwaka huo.

Upande wa vifaa, viwili ndivyo vilivyobeba jina. PinePhone ya Pine64 ilianza kufika kwa watu Januari 2020 kwa dola 149: chipu ya Allwinner A64, RAM ya GB 2, na swichi ndogo chini ya kava la kukata modemu, kamera, maikrofoni na waifai. Ilikuwa dhaifu tangu siku ya kwanza, lakini iliwapa wasanidi kifaa kimoja cha bei ndogo cha kufanyia kazi pamoja, na hilo lilizaa matunda makubwa kuliko simu yenyewe. Librem 5 ilianza kutoka mwishoni mwa 2019 kwa makundi, wengi wakasubiri miaka. Kwa upande mwingine, Purism, wenye Librem 5, ndio waliolipia kazi ya Phosh (uso wa simu, yaani skrini na menyu zake) na maktaba za kuzifanya programu za GNOME, za Linux ya mezani, zijikunje zitoshe skrini ndogo. Leo ukitumia Phosh kwenye simu yoyote unakula jasho la mradi ule. PinePhone Pro, iliyotangazwa 2021 kwa dola 399, Pine64 walitangaza mwaka 2025 kwamba haitengenezwi tena.

Sasa kilichokwamisha. Watu hudhani ni apu. Apu ni tatizo, lakini si mzizi. Mizizi ni mitatu: modemu, kamera na usingizi.

Modemu ya simu ni kompyuta kamili inayojitegemea, yenye prosesa yake na fimweya (programu ya ndani ya kifaa) iliyofungwa. Kerneli yetu huongea nayo tu, haiimiliki. Kwenye Librem 5 modemu imekaa kwenye nafasi yake pembeni na inaunganishwa kwa USB, ili isiweze kuchungulia kumbukumbu ya simu. Kwenye PinePhone, modemu ya Quectel EG25-G inaendesha Linux ndani yake, na jamii ikaandika mbadala huria wa upande ule. Sehemu inayoshughulikia redio ikabaki imefungwa. Kikubwa kinachoumiza watu Ulaya na Marekani ni VoLTE, yaani kupiga simu ya sauti juu ya 4G. Marekani walizima 3G mwaka 2022. Simu isiyojua VoLTE kule haipigi kabisa.

Kamera ni hadithi nyingine. Kihisi cha kamera hakitoi picha, kinatoa namba ghafi za mwanga. Kuna sehemu ya chipu inayozigeuza kuwa picha, kusahihisha rangi, kupunguza chenga, kulenga. Qualcomm na wenzake wameificha sehemu hiyo nyuma ya programu zilizofungwa za Android. Watu wa mradi huria wa libcamera wameandika njia ya kufanya hesabu hizo kwa prosesa ya kawaida, na tangu 2024 imeanza kutoa picha zinazotazamika kwenye vifaa vingi. Ila inakula betri, na ubora haujafika ule wa Android kwenye simu hiyohiyo.

Usingizi: simu inatakiwa ilale prosesa izimike, halafu modemu iiamshe simu inapoingia. Android wana mtandao wa Google unaokusanya arifa zote kwenye mlango mmoja. Sisi hatuna mlango huo. Mradi wa UnifiedPush unajaribu kuujenga, na programu chache tu zinautumia. Kwa hiyo unachagua: simu ilale, ujumbe wa Telegram ufike ukiiamsha, au ibaki macho na chaji iishe kabla ya jioni.

Hapo ndipo tulipo. Karibuni.

#2 Mjasiri_Mza

Mkuu, uzi umeshiba, hongera. Ila niulize swali la mtaani. Mimi na majirani zangu wote tunatumia Tecno, Infinix na itel. Ndizo zilizopo dukani, ndizo zenye fundi, ndizo zenye bei tunayoiweza. Hizi simu unazozitaja hata kwa macho hatujawahi kuziona. Sasa haya mambo yanatuhusu vipi? Naona ni burudani ya watu wa Ulaya wenye hela za simu ya pili.

#3 Mwana_Kerneli

Mkuu Mjasiri, hilo ni swali zito kuliko yote na sitalikwepa.

Ni kweli, simu hizo nyingi zina chipu za MediaTek na Unisoc, na msaada wake kwenye Linux ya kawaida ni mdogo mno. Sababu si umaskini wa chipu. Chipu inahitaji draiva (programu ya kuiendesha), draiva inahitaji mtu mwenye chanzo cha kerneli au mwenye uvumilivu wa kuchokonoa. Leseni ya kerneli, GPL toleo la 2, inamdai anayeuza simu atoe chanzo. Kwa simu za bei nafuu, chanzo hicho mara nyingi hakionekani, na hakuna anayefuatilia. Kwa hiyo simu ambayo wengi wetu tunayo ndiyo ngumu zaidi kuikomboa. Hili linaniuma, na sioni kama litabadilika kwa kuomba.

Ila kwamba hayatuhusu, hapo nakukatalia. Angalia umri wa simu mtaani kwako. Simu inakuja na Android ya mwaka fulani, inapata masasisho kidogo au haipati kabisa, miaka mitatu baadaye apu ya benki inakwambia mfumo wako umepitwa na wakati. Simu haijafa. Kioo kizima, betri inabadilishika kwa fundi kwa bei ndogo. Kilichokufa ni programu, na kimekufa kwa uamuzi wa mtu aliye mbali. postmarketOS imeanzishwa kwa ajili ya simu ya namna hiyo hasa. Kuna kundi la simu za zamani zenye chipu ya Snapdragon 410, kama Samsung Galaxy A3 na A5 za 2015, zinazotembea leo kwa kerneli mpya kabisa iliyotoka kwenye mradi mkuu wa Linux. Simu ya 2015! Samsung waliiacha zamani.

Halafu kuna jambo jingine. Agosti 2025 Google walitangaza kwamba programu ya kusakinishwa kwenye Android iliyothibitishwa lazima itoke kwa msanidi aliyejiandikisha kwao kwa jina lake, hata kama haipiti Play. Walipanga ianze Septemba 2026 Brazil, Indonesia, Singapore na Thailand, kisha nchi nyingine kuanzia 2027. Baada ya malalamiko wakasema watabakiza njia maalumu kwa watumiaji wazoefu. Sisi tunaorushiana APK kwa Bluetooth na kwa kadi ya memori kwa sababu bando ni ghali, tuko kwenye "nchi nyingine" hizo.

#4 FundiKioo_Kkoo

Wakuu, mimi sio mtu wa kuandika programu, mimi ni mtu wa meza na hitigani, Kariakoo. Nichangie kwa ninachokijua.

Simu zinazokubali kuwekwa Linux zipo. Pixel 3a inaingia kwenye mzigo wa mtumba, hasa kutoka Dubai na Marekani. OnePlus 6 na 6T zipo, sio nyingi, lakini zipo, na bei yake sasa ni ya kawaida kwa sababu wateja wanataka kamera mpya na 5G. Nyingi zinakuja kioo cha nyuma kimepasuka. Hicho hakidhuru kitu.

Tahadhari moja kwa wanaotaka kununua. Mzigo wa Marekani una simu zilizouzwa na kampuni za mitandao ya kule, na baadhi butiloda (kufuli la kuzuia kubadili mfumo) haifunguki daima dumu. Kwa nje ni simu ileile. Kabla hujatoa hela ingia kwenye mipangilio ya wasanidi, tazama kitufe cha kuruhusu kufungua butiloda. Kikiwa kimefifia na simu iko kwenye intaneti, iache mezani. Nimeona vijana wakiondoka na simu nzuri halafu wanarudi wanataka nibadilishe, na mimi sina cha kubadilisha.

Swali langu kwa mleta uzi: kati ya Pixel 3a na OnePlus 6, mteja akiniambia anataka Linux, nimpe ipi?

#5 BintiPangani

Habari zenu. Niko Ujerumani, nafanya kazi ya programu, na simu yangu ya kila siku ni Pixel 3a yenye Ubuntu Touch. Fundi, nijibu mimi kwa sababu swali lako linagusa njia mbili tofauti kabisa.

Pixel 3a chini ya Ubuntu Touch inatumia Halium. Maana yake: kerneli na draiva ni zilezile za Android, huduma za Android zinazoendesha vifaa zimefungiwa kwenye kontena, na Ubuntu inaongea nazo kupitia tafsiri iitwayo libhybris. Faida unaiona siku hiyohiyo. Kamera inapiga vizuri, simu inalala vizuri, GPS ipo, betri inafika usiku. Hasara ni kwamba umefungwa kwenye kerneli aliyoiacha mtengenezaji, kwa Pixel hii ni 4.9, ambayo ni ya zamani sana. Usalama wake unategemea viraka vya watu wachache.

OnePlus 6 chini ya postmarketOS ni njia ya pili: kerneli kuu ya Linux yenyewe, mpya, na draiva huria. Michoro ya skrini inakwenda kwa draiva ya Freedreno, waifai safi, simu ya sauti inakwenda. Kasi yake inashangaza, ile Snapdragon 845 bado ina nguvu. Ila kamera bado ni kazi inayoendelea, na usingizi haujafikia ule wa Android.

Kwa hiyo Fundi: mteja anayetaka simu, mpe Pixel 3a. Mteja anayetaka kujifunza na kuchangia, mpe OnePlus 6.

Kuhusu VoLTE, hapa 3G ilizimwa 2021 lakini 2G ipo, kwa hiyo simu ikipigwa modemu yangu inashuka 2G na naongea. 2G ikizimwa nitakuwa na shida. Baadhi ya simu zenye Ubuntu Touch, zikiwemo za kampuni ya Volla, tayari zinapiga kwa VoLTE, kwa hiyo mlango haujafungwa.

Apu ya benki yangu haifunguki. Inakagua uthibitisho wa Google, haiupati, inakataa. Nimebaki na kadi na tovuti yao. WhatsApp naitumia kwenye kivinjari, ikiwa imeunganishwa na simu kuukuu ya Android iliyolala droo ya mezani, maana bila simu kuu kuonekana ndani ya siku 14 wanakutoa. Ipo pia Waydroid, inayoendesha Android nzima ndani ya kontena, na ndani yake apu nyingi za kawaida zinakwenda. Zile za benki zinakataa na humo pia.

#6 Nyali21

Salaam aleikum jamaa. Mie nipo Mombasa. Dada BintiPangani, shukran kwa kufafanua.

Mimi nauliza la kwetu. Huku duka likitaka kulipwa, mwenye duka anaandika namba yangu, na kwenye simu yangu kinachomoza kisanduku: weka PIN. Nikienda kwa wakala ni menyu ya laini au *334#. Hiyo simu ya Linux inaweza? Kama haiwezi, kaka, hata ikiwa na kamera ya ajabu haitanifaa kununua hata mahamri.

#7 Mwana_Kerneli

Nyali21, kaka, umegusa hasa kilichonifanya nifungue uzi huu.

Wenzetu wa Ulaya wanapojadili "simu iko tayari au haiko tayari", orodha yao ni VoLTE, kamera, apu ya benki, ramani. USSD, yaani zile menyu za nyota na reli, haimo, kwa sababu wao hawaitumii. Kwetu bila USSD hakuna hela, hakuna bando, hakuna salio. Lakini tazama upande wa pili pia. VoLTE, inayowatesa wao, sisi haitubani sana kwa sasa, kwa sababu 2G na 3G bado zipo kwenye mitandao yetu. Simu inayohesabika imekufa Marekani inapiga vizuri kabisa Tanga. Vipimo vyao na vyetu havilingani, na sisi tumekuwa tukisoma vyao kama vyetu.

Nigawe mambo matatu, maana watu huyachanganya.

La kwanza, USSD unayoianzisha wewe, mfano *150*00#. Hii inakwenda. ModemManager, programu inayosimamia modemu kwenye Phosh, Plasma Mobile na nyingine nyingi, inaijua. Programu ya kupigia ya GNOME inafungua mazungumzo ya menyu. Hata kwa terminali unaweza:

mmcli -m any --3gpp-ussd-initiate="*150*00#"

menyu inarudi, unajibu kwa:

mmcli -m any --3gpp-ussd-respond="1"

Ubuntu Touch na Sailfish wanatumia oFono badala ya ModemManager, nayo inaijua USSD.

La pili, USSD inayoanzishwa na mtandao, yaani kisanduku cha kuweka PIN kinachokuja chenyewe ukilipa. Hapa Tanzania malipo mengi yanakuja hivyo. ModemManager ina nafasi ya kupokea ombi la namna hiyo. Tatizo linahamia juu: programu ya kupigia lazima ilidake haraka, iamshe skrini, ioneshe kisanduku, irudishe jibu kabla mtandao haujachoka kusubiri. Simu ikiwa usingizini ikachelewa kuamka, malipo yamekwama na foleni nyuma yako inanung'unika.

La tatu ndilo lako, Nyali. Kisanduku cha M-Pesa ya Kenya kwa kawaida hakiji kwa USSD. Kinatoka kwenye laini yenyewe: ndani ya laini kuna programu ndogo, mtandao unaiamsha kwa ujumbe uliofichwa, nayo inaiambia simu "mwoneshe mtu huyu kisanduku, niletee alichoandika". Ndiyo STK. Simu inatakiwa ijue kuitikia amri hizo. ModemManager haina sehemu hiyo. oFono inayo, inaitwa SimToolkit, tangu enzi za Nokia na Intel. Kwa hiyo ukiwa na Phosh Nairobi au Mombasa, utapiga *334# na utatuma hela, lakini dukani kisanduku hakitatokea.

Hakuna mtu Berlin atakayeamka asubuhi akaandika sehemu hiyo. Simlaumu, hajawahi kuihitaji. Ni yetu.

#8 Mjasiri_Mza

Hapo sasa umenishika. Kumbe kuna kazi inayojulikana hasa ni ipi. Nilidhani tatizo ni "Linux ngumu" tu.

Niulize tena: vile vitochi vya KaiOS navyo si Linux? Mama alikuwa na kimoja, kilikuwa na WhatsApp na USSD bila taabu.

#9 BintiPangani

Ni Linux chini, ndiyo. KaiOS ilitoka kwenye Firefox OS, mradi wa Mozilla uliofungwa. Vodacom Tanzania walileta Smart Kitochi yenye KaiOS mwaka 2019, na kwa watu wengi ndiyo ilikuwa intaneti yao ya kwanza. Ninaiheshimu kwa hilo. Lakini uhuru haikuwa nao: mtumiaji hawezi kubadili mfumo, duka la programu ni lao. Na tazama kilichotokea. Kuanzia katikati ya 2024 WhatsApp haikupatikana tena kwenye duka la KaiOS, na mapema 2025 wakaacha kuihudumia hata kwa waliokuwa nayo. Kitochi cha mama kikabaki na nusu ya thamani yake kwa uamuzi wa kampuni ambayo haikumuuzia simu.

Hilo linanisumbua kuliko kamera na VoLTE. Simu ya Linux haitatatua WhatsApp. Hata mtu akiandika WhatsApp huria, mwenye mlango ni Meta. Tunachoweza ni kuhakikisha kwamba siku mwenye mlango akifunga, simu inabaki kuwa simu: inapiga, inatuma hela, inasoma barua pepe, inafungua tovuti, inacheza muziki ulio ndani yake.

#10 FundiKioo_Kkoo

Dada umesema kweli kuhusu kubaki na thamani. Niongeze la mezani kwangu. Samsung A5 ya 2015 ninazo kwenye boksi, vioo vimekufa, ubao mzima. Kijana mmoja wa chuo alikuja akachukua moja isiyo na kioo, akaweka hiyo postmarketOS, akaifanya seva. Ameijaza Kiwix (programu ya kusoma tovuti bila intaneti) na Wikipedia ndani yake, wanafunzi wanaunganisha waifai wanasoma bila bando. Betri yake yenyewe inaibeba umeme ukikatika. Mimi ubao ule ningeuza kwa bei ya chuma chakavu.

Zipo pia zile modemu za USB za 4G za bei ya chini, umbo la flashi. Baadhi ndani yake ni Snapdragon 410 hiyohiyo, na watu wanaweka Debian. Kuna za sura hiyohiyo zenye chipu nyingine, hivyo fungua kwanza usome maandishi ya chipu.

#11 Nyali21

Mashallah fundi, hilo la seva limenipendeza. Huku kwenye madrasa tuna watoto wengi na simu mbovu nyingi.

Mwana_Kerneli, nirudi kwenye STK. Mimi C++ naijua, kerneli siijui. Nianzie wapi?

#12 Mwana_Kerneli

Kaka, kerneli huihitaji hapa. Njia ya karibu ni upande wa oFono, kwa sababu injini ipo. Chukua simu yenye Ubuntu Touch, Pixel 3a inafaa, weka laini yako ya Kenya, kisha uliza kwenye D-Bus (njia ambayo programu za Linux huongea zenyewe kwa zenyewe) kama kiolesura cha org.ofono.SimToolkit kinaonekana na kama menyu ya laini inasomeka. Kikionekana, kilichobaki ni uso: programu ya QML (lugha ya kuchora skrini za programu) inayojisajili kwa oFono kama mpokeaji wa amri, inayopokea amri za "onesha menyu", "omba namba", "omba PIN", na kurudisha majibu. Kisipoonekana, tatizo lipo kwenye tabaka linalounganisha oFono na redio ya Android, nalo limeandikwa kwa C, chanzo kiko wazi.

Njia ndefu ni ModemManager. Humo ni kubuni kiolesura kipya, kukubaliana na wanaoisimamia, halafu kuandika kwa kila aina ya modemu. Ni kazi kubwa, ila ikikamilika inafika kwenye kila mfumo unaoitumia: Mobian (Debian ya simu), postmarketOS, hata laptopu yenye laini.

Ukiandika ripoti, usiandike "M-Pesa haifanyi kazi". Mtu wa Ulaya hataelewa ni nini. Andika amri gani ya STK imetumwa, modemu imejibu nini, na useme wazi kwamba huduma za kifedha za mamilioni ya watu zinapita hapo. Uzoefu wangu na miradi hii ni kwamba wanasikiliza sana ukiwaletea kumbukumbu za modemu badala ya malalamiko.

#13 Mjasiri_Mza

Na sisi wa Sailfish? Kuna jamaa ana Xperia yenye Sailfish hapa Mwanza, anaisifu sana.

#14 BintiPangani

Anayo haki ya kuisifu, Sailfish ni laini mkononi kuliko zote na ishara zake za vidole hazina mfano. Jolla walifungua oda za awali za simu mpya yao Desemba 2025. Kinachonizuia ni kwamba uso wake si huria, na uwezo wa kuendesha apu za Android ni wa kulipia. Akitaka simu inayofanya kazi leo, sawa. Akitaka kitu ambacho jamii inaweza kukibeba siku Jolla wasipokuwepo, basi ni Ubuntu Touch au postmarketOS.

#15 FundiKioo_Kkoo

Nimepata OnePlus 6T moja, butiloda imefunguka, soketi ya chaji nimeibadilisha jana. Naiweka postmarketOS wikiendi hii, kijana wa seva atanisaidia. Nitaijaribu na laini za mitandao yote niliyonayo dukani: salio, bando, kutuma, na kulipa dukani ili nione kisanduku cha PIN kama kinakuja simu ikiwa imelala.

#16 Mwana_Kerneli

Fundi, Mungu akubariki. Ukifika kwenye kisanduku cha PIN, kabla ya kulipa acha terminali nyingine wazi na andika:

mmcli -m any --3gpp-ussd-status

irudie wakati ombi linaingia, na hifadhi kila inachotoa. Kama kuna ombi la mtandao litaonekana pale hata kama skrini haikuonesha kitu, na hapo tutajua kosa liko kwenye modemu au kwenye programu ya kupigia. Ficha namba za simu kabla hujaweka hapa.

Kuna mwenye OnePlus 6 ya kawaida, si 6T, Arusha au Dodoma, iliyo tayari na postmarketOS? Nataka tulinganishe matokeo kwenye mnara tofauti kabla hatujaandika ripoti.